Tatizo la matembezi ya siku moja ni kilomita tatu za mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo: namna wakazi wa Dar es Salaam wanavyoshindwa kutoka jijini asubuhi, kwenda kuona msitu, kisiwa au mji mdogo, na kurudi nyumbani jioni ya siku hiyo hiyo. Kila mwaka tunahimizwa tufanye utalii wa ndani, na karibu kila mara himizo hilo huishia kwenye lawama kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kutembelea vivutio vyake mwenyewe. Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na lawama hiyo siikubali. Hamu ipo. Kinachokosekana ni usafiri wa kile kipande cha mwisho, kati ya mahali daladala inapokushusha na mahali unapokwenda, pamoja na uhakika wa kurudi.

Naishi Ukonga, kwa hiyo mfano ulio karibu nami ni Pugu. Vilima vya Pugu na Kazimzumbwi viko upande wa Kisarawe, mkoani Pwani, mwendo wa kilomita zisizozidi 35 kutoka Posta, na msitu uliobaki huko ni kipande cha ile misitu ya pwani ambayo zamani ilienea katika ukanda wetu kabla ya mashamba, mkaa na viwanja kuila. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mto Msimbazi, huu tunaoulaani kila masika unapofurika Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro, unaanzia katika vilima hivyo. Nimefundisha mafuriko ya Msimbazi kwa miaka mingi, nikichora ramani ubaoni kwa chaki ya rangi, bila kumpeleka mwanafunzi hata mmoja akaone mto unakotoka, na majuto ya jambo hilo ndiyo yaliyonisukuma kuanza matembezi haya uzeeni. Huko huko Pugu ndiko iliko shule alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili ashike kazi ya TANU, na ndiko yaliko mapango yaliyotokana na machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ambayo sasa yamegeuka makazi ya popo wengi ajabu.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, niliwachukua wajukuu zangu wawili na watoto watatu wa jirani, tukabeba maandazi, chupa ya chai na maji ya kunywa, tukapanda daladala ya kwenda Kisarawe. Konda akaniuliza, “Mzee, mnashukia wapi?” Nikamjibu, “Msituni.” Akacheka kwa adabu. “Msituni ndiyo wapi, mzee wangu? Nitajie kituo.” Nilipokosa jina la kituo, gari zima liliingilia kati kwa wema: mama mmoja aliyepakata ndoo alituelekeza tushuke kituo kinachofuata, kijana aliyekaa nyuma akasema hapo tutakuwa bado mbali, na mzee mwenzangu akashauri twende mpaka mwisho wa gari tukaulize huko. Tukamsikiliza kijana, naye alikuwa amekosea. Ilibidi tuchukue bodaboda tatu, ambazo nauli yake kwa pamoja ilizidi mara tatu nauli tuliyolipa sote kwenye daladala kutoka Ukonga, na hapo bado sijasema namna moyo unavyodunda unapomwona mjukuu wako amebanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki inayoteleza mchangani.

Siku yenyewe sikuijutia hata kidogo. Ndani ya msitu kulikuwa na ubaridi ambao mtoto wa kwetu haujui, na tulikaa chini ya miti tukala maandazi yetu tukisikiliza ndege ambao kwa aibu kubwa sikuweza kutaja majina yao. Magharibi ilipokaribia, kijana wa kijijini aliyekuwa akituongoza alitusimamisha mbali kidogo na mdomo wa pango akatutaka tunyamaze. Tulichotangulia kupata ni harufu, kali kama ya banda la kuku lililofungwa siku nyingi. Kisha popo mmoja akatoka, wakafuata wawili, halafu wakamwagika kama kunde kutoka kwenye gunia lililotoboka chini, wakipita juu ya vichwa vyetu kwa sauti ndogo ya kurasa za daftari zinazofunuliwa. Mjukuu wangu wa miaka tisa alianza kuwahesabu, akafika sitini na nane, akakata tamaa, akakaa chini.

Sasa, popo hawafuati ratiba ya mtu. Hutoka giza linapoingia, yaani saa ile ile ambayo mzazi mwenye watoto anapaswa awe ameshafika barabara kuu. Sisi tulitembea gizani kwa tochi za simu hadi kwenye lami, nikiwa nimewashika wawili mikono na kuwaita wengine majina kila baada ya hatua chache, na tulifika nyumbani saa nne usiku tukiwa hoi, mama yao akiwa amesimama mlangoni. Hakunisema, kwa kuwa mimi ni baba mkwe, lakini nilielewa kwamba safari ya pili itachukua muda mrefu kuruhusiwa. Hivi ndivyo hamu ya watu inavyouawa, na anayekaa ofisini akihesabu viingilio ataandika kwamba wananchi hawana mwamko.

Nimejiuliza sana kwa nini visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, hujaa watu wa jiji kila mwisho wa wiki ilhali misitu ya Kisarawe haijai. Wengi watajibu kwamba watu wanapenda bahari, na kwa sehemu ni kweli. Jibu langu ni tofauti kidogo. Anayekwenda Bongoyo kutoka Msasani, au Mbudya kutoka Kunduchi, hupanda boti inayomfikisha mpaka kwenye mchanga wa kisiwa, na kabla hajapanda anakuwa ameshaambiwa atarudishwa saa ngapi. Amelipa kwenda na kurudi kwa pamoja. Hana haja ya kumjua mtu, hana kipande cha kuulizia njiani, wala hana wasiwasi wa kuachwa, kwa sababu mwenye boti anajua idadi ya aliowapeleka. Bahari, kwa kuwa haina njia ya miguu, imelazimisha mpango ambao nchi kavu tumeushindwa. Kama watu wangeshushwa nusu ya njia na kuambiwa watafute ngalawa wenyewe, nadhani Mbudya ingekuwa kimya kama Kazimzumbwi.

Bagamoyo ni mfano mwingine unaounga mkono hoja hii, ingawa kwa nusu tu. Mji uko kilomita zipatazo 70 kaskazini ya jiji, magari madogo yanatoka Makumbusho tangu asubuhi, na mtu akishuka anaweza kuumaliza mji mkongwe kwa miguu: majengo yaliyobaki ya wakati Wajerumani walipokuwa na makao yao hapo kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulipitishwa mwaka 1874 ukiwa njiani kwenda Zanzibar, na soko la samaki pale ufukweni ambapo kina mama wanakaanga kilichotoka majini asubuhi ile ile. Lakini magofu ya Kaole, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hasa ya kumtoa mtu nyumbani, yako kusini mwa mji kiasi cha kilomita tano, na kilomita tano ni nyingi kwa bibi mwenye miguu mibovu. Huko kuna mabaki ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ambayo mojawapo bado lina alama za mviringo palipokuwa pamepachikwa bakuli za kauri kutoka China. Mtoto anayeweza kutia kidole chake kwenye kishimo hicho haulizi tena kama kweli biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwapo. Nimeona watalii wa kigeni wakishushwa pale na gari la kampuni, wakikaa dakika arobaini na kuondoka. Wenyeji wa Dar es Salaam niliowakuta siku hiyo walikuwa familia moja tu, nao walikuwa na gari lao.

Niseme pia jambo la malipo, kwa kuwa ni sehemu ya tatizo hili hili la mwisho wa njia. Katika sehemu moja ya kihistoria, ambayo sitaitaja kwa sababu watumishi wake walikuwa waungwana na kosa halikuwa lao, tulifika saa nne asubuhi tukaambiwa kwamba fedha taslimu hazipokelewi na kwamba tunapaswa kupewa namba ya malipo, ila mtandao unasumbua. Tulikaa chini ya mwembe dakika hamsini tukiwa na kiingilio mkononi. Naelewa sababu ya utaratibu huo. Fedha ya umma inayopita mikononi mwa watu wengi hupungua njiani, na sitaki turudi huko. Ninachouliza ni kwa nini mwananchi asiweze kuchukua namba hiyo kwa simu yake tangu jana yake, akalipa akiwa nyumbani, akafika getini na ujumbe wa malipo, kama tunavyofanya kwa ankara ya maji.

Morogoro ilikuwa haimo kabisa katika hesabu za matembezi ya siku moja mpaka treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024. Kwa basi, mtu aliyetoka Mbezi asubuhi angeweza kufika mchana, akala, akageuza. Sasa safari haizidi saa mbili, na kwa nauli ya shilingi 13,000 iliyotangazwa treni ilipoanza, mtu na mwenzi wake walikwenda na kurudi kwa shilingi 52,000. Siyo fedha kidogo kwa mfanyakazi wa kawaida, na sitajifanya kwamba gharama si kikwazo. Lakini naona vijana wakitumia zaidi ya hapo kwenye nyama choma ya Jumamosi moja, hivyo siamini kwamba kikwazo kikubwa ni hicho. Reli ya kwanza ilifika Morogoro mwaka 1907, na imetuchukua zaidi ya miaka mia moja kuufanya mji huo uwe jirani yetu. Ujirani wenyewe ni wa damu, kama naweza kusema hivyo, kwa sababu maji tunayochota Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yanatoka katika mto ambao chimbuko lake ni milima ya Uluguru. Mtu wa Ukonga anayelalamika kwamba bomba halitoi maji angefaidika sana kusimama siku moja chini ya milima ile, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, akaona mashamba yanavyopanda mteremkoni na mahali mawingu yanaposhikwa na msitu.

Tatizo ni kwamba stesheni mpya iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, na milima iko upande wa pili. Mgeni akishuka hukutana na kundi la madereva wa bajaji na teksi, kila mmoja na bei yake, na mpaka apatane, afike mjini, aulizie njia ya kwenda Morningside, mahali pa matembezi kwenye mteremko wa Uluguru, apate mtu wa kumwongoza na kuanza kupanda, jua linakuwa limeshafika utosini. Kutoka hapo hutembea akiangalia saa kuliko anavyoangalia milima, kwa kuwa treni haimsubiri mtu. Siwalaumu madereva, ambao wanatafuta riziki. Nasema kwamba behewa limeokoa saa tatu, na utafutaji wa bajaji umekula moja na nusu kati ya hizo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ni la usafiri, wala halihitaji kampeni, fulana wala uzinduzi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ambayo ndiyo inayotoa leseni za njia, iruhusu daladala chache ziongeze njia siku za Jumamosi na Jumapili kutoka Gongo la Mboto hadi kwenye geti la msitu, zikiwa na saa zinazojulikana: mbili asubuhi na tatu za kwenda, tisa alasiri ya kurudi, na moja ya mwisho saa moja na nusu usiku kwa ajili ya waliobaki kuwatazama popo. Kituo kiwe na jina, na jina hilo liandikwe kwenye kibao cha gari, ili mzee mwingine asipate taabu niliyoipata mimi kwa konda. Bagamoyo wafanye hivyo hivyo kwa bajaji za Kaole kwa kuweka bei moja iliyobandikwa stendi. Morogoro wapange gari dogo linalosubiri treni ya asubuhi Kihonda na kwenda moja kwa moja hadi mguuni mwa mlima, kisha kurudi kabla ya treni ya jioni. Najua kwamba jiji liko mkoa mmoja na msitu uko mkoa mwingine, na kwamba shughuli inayovuka mpaka wa mikoa hukaa mezani muda mrefu kwa sababu kila upande unadhani ni kazi ya mwenzake. Hata hivyo, daladala za abiria wa kawaida zinavuka mpaka huo kila siku bila mkutano wowote.

Wapo watakaosema kwamba kuwapeleka watu wa jiji msituni ni kuuharibu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu kuwa zaidi ya milioni 5.3 katika Dar es Salaam, na ukiona fukwe zetu siku ya pili ya Idi au ya Krismasi, hofu hiyo unaielewa. Chupa za plastiki zinabaki, spika zinapigwa mpaka kunguru wanahama, na siku hizi kuna imani kwamba mahali popote penye kivuli panahitaji jiko la mkaa. Mimi mwenyewe nisingependa kusikia muziki wa disko kwenye mdomo wa pango la popo, na ningeunga mkono geti linalokataza spika na moto na linalohesabu chupa zinazoingia na kutoka. Lakini msitu usiotembelewa una wageni wake wengine, wanaoingia na misumeno na kutoka na magunia ya mkaa, na hao wanapenda sana ukimya wetu. Njia inayopitwa na watoto wa shule kila Jumamosi ni ngumu kuchomea tanuri la mkaa pembeni yake. Kijana aliyetuongoza aliniambia kwamba kwa mwezi hupata wageni wachache mno, kwa hiyo anashinda kwenye bodaboda. Angepata makundi mawili ya uhakika kila wiki, msitu ungekuwa umepata mlinzi asiyelipwa mshahara na serikali.

Ofisi inayohusika ikipenda kujaribu, naomba ijaribu kwa gari moja na kwa mwezi mmoja tu, kiangazi hiki, kabla barabara za vumbi hazijageuka tope. Niko tayari kukaa kituoni Gongo la Mboto Jumamosi nne mfululizo, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na daftari, niandike wangapi wamekwenda, wangapi ni watoto, na gari la mwisho limerudi saa ngapi. Hesabu hizo nitampelekea yeyote atakayezihitaji, pamoja na nakala kwako, Ndugu Mhariri.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam